Gauni la Ndege Wawili

Jumatatu, 5 Julai 1993

Ukungu tangu alfajiri. Saa nne asubuhi nimewasha taa ya chemli ili nilione tundu la sindano. Uzee huu!

Vidani vitano vimekwisha, kimebaki kimoja. Ni vya wanakwaya wa Evelina, mwenye duka kule Soni. Mimi nasema kidani, wao wanasema "cheni za Mwalimu". Na wananiita fundi, ingawa ufundi siuoni. Kazi yote imekwisha fanywa na viwanda vya Ulaya, mimi nakata tu. Saumu wa mitumba akipata gauni la sherehe lililochanika kwapani, au lenye doa lisilotoka, hulifunga na kuliacha kwenye tenga langu barazani. Natoa kile kipande cha kifuani chenye shanga na vijiwe, pamoja na kitambaa chake. Chini yake napigia sufu ya koti kuukuu kisiviringike. Utepe huku, utepe huku. Nusu saa, basi! Mwanamke akikivaa anaonekana tangu ng'ambo ya bonde. Kiwiliwili cha gauni kinarudi kwa Saumu, naye anakiuza matambara.

Miaka kumi iliyopita tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Leo nachagua: vifungo vya dhahabu au vya lulu?

Kesho ni arobaini ya Mwanaidi. Miaka ishirini na sita tumetumia ua mmoja, mimi na yeye. Kesho pia ni soko la Soni, na nimemwahidi Evelina. Siwezi kuwa mahali pawili. Bado sijaamua.

Namdanganya nani? Kama sijaamua, mbona nashona?

Jumanne, 6 Julai

Nilikwenda Soni.

Haya, nimeliandika. Asubuhi na mapema nilisimama uani nikamwambia Sharifa, binti wa mwisho wa Mwanaidi, ambaye alikuwa akikoka moto wa kupikia wageni, kwamba kifua kimenibana sana, sitaweza kuja kwenye kisomo. Akaacha kuni zake akanishika mkono. "Pole, Mwalimu. Rudi ulale. Usitoke na baridi hii." Nikangoja aingie ndani. Kisha nikapita njia ya nyuma, kwenye mipea, na kikapu changu.

Evelina angengoja hadi soko la Ijumaa. Alikwisha niambia hana haraka. Nilitaka kuwaona wakivivaa, hilo tu. Nilitaka kusifiwa.

Na nimesifiwa. Walivivaa pale pale dukani kwa Evelina, juu ya sweta zao, wakagombania kioo. Mmoja akalalamika: sasa ataimbaje, si watu watamtazama shingo tu? Evelina akamjibu, "Imba, mama. Hata zamani walikuwa hawakusikilizi." Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Saa ile ile huku juu Lushoto walikuwa wanamsomea Mwanaidi.

Nimerudi baada ya Alasiri. Kwenye tenga kuna vifurushi viwili. Nimeviingiza ndani bila kuvifungua. Nimejifunga shali, nikakohoa. Nilikuwa peke yangu chumbani, na bado nikakohoa.

Alhamisi, 8 Julai

Leo ndiyo nimefungua vifurushi.

Cha juu ni cha kawaida, kimefungwa kwa gazeti: blauzi yenye maua ya shanga, imeungua pasi. Cha chini kimefungwa kwa kanga kuukuu iliyofuliwa. Saumu naye kapata ustaarabu! Ndani yake gauni la mahameli ya kijani, zito, zipu mgongoni, na kifuani ndege wawili wanatazamana. Shanga za dhahabu, mikia ya kijani na buluu, jicho kijiwe chekundu. Tangu nianze kazi hii sijapata kitu kama hiki.

Nimelichunguza kwapani, hakuna mchaniko. Nimelitafuta doa, sikuliona. Nikasema labda Saumu amekosea, au amenipendelea.

Na linanukia karafuu. Mitumba ina harufu yake, ile dawa ya bohari. Hili linanukia karafuu. Nimelishika puani muda mrefu. Nikajiambia, Unguja haijanitoka, sasa hata nguo za Wazungu nazinusa karafuu.

Na ndege wawili... habari za ndege wawili nimewahi kuzisikia mahali. Nilifikiri kidogo, haikuja. Wembe ulikuwa mkononi.

Nimewatenganisha. Vidani viwili, kila kimoja ndege mmoja. Ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote.

Jumapili, 11 Julai

Nimekutana na Mzee Athumani njiani, kaka yake Mwanaidi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza kifua. Nimesema alhamdulillahi, kimeachia. Akasema tangawizi, Mwalimu, tangawizi na asali. Mchana ameleta tangawizi mwenyewe, amebeba kwenye kofia.

Sijaingia nyumba ya Mwanaidi tangu siku ile. Naona haya.

Jumanne, 13 Julai

Ndege wote wawili wamepata wenyewe. Wa kushoto amechukuliwa na yule mama Mjerumani wa mradi wa misitu. Alinikuta barabarani na kikapu, akakishika kidani kama anashika kifaranga. Anarudi kwao Ijumaa hii. Wa kulia kachukua Evelina. Hakutaka hata kumwonyesha mtu mwingine, alimfungia kabatini.

Kiwiliwili nimempelekea Saumu. Alikuwa na wateja, hakukifungua.

Jumapili, 18 Julai

Naandika polepole.

Baada ya Adhuhuri walikuja Sharifa na mjomba wake, Mzee Athumani. Mzee kavaa kanzu na koti. Nikajua ni jambo rasmi. Alipokaa akasema, "Mwalimu, hatukuja kunywa chai. Ingawa chai tutakunywa." Sharifa akacheka, akaziba mdomo kwa mtandio.

Ndoa ya Sharifa ni Jumamosi ya tarehe saba Agosti. Nikapiga kigelegele, kile kifupi cha pwani, wao hunicheka kwacho. Mzee akangoja nimalize.

Kisha akanieleza. Siku ya arobaini, baada ya chakula, ndugu waliingia ndani kugawana nguo za marehemu. Katika ukoo wao asiye ndugu hapati hata leso. Lakini Mwanaidi aliacha neno kabla hajafa: gauni la ndege apewe Mwalimu. Wapo walionung'unika. Mpwani yule? Amekuja juzi! (Juzi, miaka ishirini na sita.) Mzee akawajibu kwamba marehemu amekwisha sema, na anayetaka kubishana naye amfuate.

"Sasa kwetu," akasema, "aliyepewa nguo ya mama ndiye anayekaa mahali pa mama. Siku ya ndoa utalivaa lile gauni, utakaa mkekani na wakubwa, na mkaja wa mama utapokea wewe. Sharifa hana mwingine."

Sharifa akadakia. "Tulikuletea siku ile ile, Mwalimu. Tukakuta mlango umefungwa. Tukajua umelala, hatukutaka kukuamsha na kifua chako. Nikaliweka kwenye tenga, nikalifunika na kile kifurushi cha Saumu lisipate umande."

Hawakutaka kuniamsha!

Nilisema nini? Nilisema, "Nimeliona. Ni zuri sana." Yote mawili ni kweli. Sijapata kusema uongo mkubwa kama kweli hizo mbili.

Mzee akauliza kama linanienea, maana dada yake alikuwa mnene enzi zake. Nikajibu kwamba nitalipunguza kidogo. Nitalipunguza!

Walipoondoka yakaja yote. Mwanaidi ananicheka uani, mikono ina unga: "Mwalimu, nina gauni la ndege wawili, mume wangu alininunulia Tanga tulipomwoza binti yetu wa kwanza, kabla hujaja huku. Siku nikikuonyesha hutalala." Hakunionyesha. Lilikuwa sandukuni. Na karafuu nilimpa mimi! Kila nilipoletewa karafuu kutoka Unguja nilimgawia nusu, aweke kwenye sanduku lake nondo wasile. Nilinusa karafuu zangu mwenyewe nikasema ni mawazo.

Niliondoka Unguja Januari ile ya sitini na nne na cherehani, vitabu na mtoto wa dada yangu. Cha mama yangu sikuchukua kitu. Hata kifungo. Alipofariki nilikuwa huku, na nguo zake waligawana wengine. Miaka yote nimelalamika moyoni kwamba hakuna aliyenihesabu mpaka akaniwekea nguo.

Nimewekewa. Nimeikata kwa wembe.

Jumatatu, 19 Julai

Kwa Saumu kabla hajapanga bidhaa. Nikamuuliza kiwiliwili cha kijani. "Mahameli ile? Mwalimu, nimeikalia." Kweli, ameikunja mara nne, imetandikwa juu ya jiwe lake. Akainuka akaipangusa. "Chukua. Lakini niletee kitu kingine cha kukalia, jiwe hili lina baridi kama kaburi."

Nimempa shali yangu.

Nimelitandaza kitandani. Matundu mawili kifuani, ya umbo la ndege. Nilikata vizuri, kingo zimenyooka. Mtu asingeweza kukata vizuri zaidi.

Jumanne, 20 Julai

Soni. Evelina hakutaka kukitoa. Jumapili alikivaa kanisani, mama mchungaji mwenyewe akamuuliza amekipata wapi. Akanitaka nimweleze sababu. Nikasema shanga zimelegea, nataka kuzikaza. Akanitazama. Nilimfundisha darasa la nne, ananijua uso.

"Mwalimu, zimelegea wapi? Nionyeshe."

Basi nikamweleza yote. Kwamba lilikuwa gauni la marehemu. Kwamba siku ya arobaini nilisema naumwa, kumbe nilikuwa pale pale dukani kwake, nacheka. Ndiye mtu wa kwanza kuambiwa.

Akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Mwalimu, mimi ulinichapa viboko vinne kwa kusema naumwa tumbo. Siku ya mtihani wa hesabu. Na tumbo lilikuwa linaniuma kweli."

Sikumbuki. Naamini.

Kisha akakitoa kabatini kwa ncha za vidole. "Chukua, chukua haraka. Mimi Mlutheri, hayo mengine siyaamini, lakini nguo ya mtu aliyekufa jana na nimeimbia kwaya nayo! Mungu anisamehe. Usiniambie alikuwa na ugonjwa gani."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Utawaambia?"

Nikasema nitashona kwanza.

"Hiyo sikukuuliza," akasema.

Ijumaa, 23 Julai

Ilinichukua siku tatu kuikabili nyumba ya yule Mjerumani. Labda hakusafiri, nilisema. Labda gari liliharibika. Labda alikiacha.

Kornelio, mlinzi wake, anafagia majani. Madirisha yamefungwa. Ameondoka tangu Ijumaa iliyopita. "Alikivaa siku ya safari, Mwalimu. Juu ya koti. Kila mtu aliyekuja kumuaga alimwambia amependeza. Akasema kimetengenezwa na bibi mmoja wa hapa hapa Lushoto." Kornelio alifurahi kunipa habari hiyo. Akanipa na kabichi.

Ndege wa Mwanaidi yuko Ujerumani.

Jumanne, 27 Julai

Wa kulia nimemrudisha. Nilifumua utepe, nikaondoa sufu, nikamrudisha kwenye tundu lake na kushona kwa uzi wa hariri, mshono mdogo mdogo, siku mbili. Ukiwa mbali huoni. Ukipitisha kidole unausikia, kama kovu.

Wa kushoto nimejaribu kumtengeneza. Nimemwaga kopo langu lote la mapambo juu ya meza: maua ya shanga, vifungo, bruchi ya kipepeo, vijiwe, majani ya blauzi ile iliyoungua. Si ndiyo kazi yangu, kuunganisha vilivyokwisha tengenezwa? Nimepanga, nimepangua. Anatoka kama kuku aliyenyeshewa. Tena kila kipande nilichokishika nilijiuliza kimetoka wapi. Blauzi ya nani? Nani alifunga kifungo hiki? Sikuwahi kujiuliza kabla.

Nimelitia tundu la kushoto kiraka cha sufu nyeusi. Sasa kifuani kuna ndege mmoja anatazama kivuli.

Jumapili, 1 Agosti

Leo nilikwenda kusema. Nilivaa, nilijiandaa, maneno nikayaandika kwanza kwenye karatasi, mimi mwalimu mstaafu.

Ua wa Mwanaidi umejaa wanawake wanachambua mchele. Nilipotokea wakasogea wakanipa nafasi katikati, si pembeni kama zamani. Mmoja wao, wifi yake Mwanaidi, nadhani ni katika wale walionung'unika, akasema, "Mpwani, kaa. Siku hizi wewe ni wetu, na utachambua na mawe kama sisi." Wakacheka. Akanitupia ungo. Nikachambua mchele mpaka Magharibi.

Karatasi imerudi mfukoni. Sikusema.

Nikiri na hili, maana hapa hakuna anayesoma. Nimelijaribu gauni mbele ya kioo na mtandio mweusi juu yake. Ukiushusha bega la kushoto na kuubana kwa pini, kiraka hakionekani kabisa. Anaonekana ndege mmoja tu, na mtu atadhani mwenzake yuko chini ya mtandio. Nikipokea mkaja nitainama kidogo. Nikikumbatia, nitakumbatia kwa upande wa kulia. Nimefanya mazoezi mara tatu.

Inawezekana kabisa. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatano, 4 Agosti

Mzee Athumani amepita kuuliza kama mkeka niutakao ni ule mwekundu au ule wa Mwanaidi. Nimesema wowote. Akasema, "Basi ule wake." Kifua je? Kizima. "Ile tangawizi!" akasema. Akaondoka amefurahi.

Alhamisi, 5 Agosti

Saa kumi jioni. Mvua nyepesi.

Sharifa yuko sebuleni. Nilidhani ametumwa kuchukua sufuria. Hapana, kuanzia kesho hatoki nje, wanamtia hina, kwa hiyo amekuja leo. Nikamuuliza amekuja kufanya nini. Akatazama chini, mtoto huyu mwenye maneno mengi.

Gauni la mama yake hajapata kuliona likivaliwa. Alipozaliwa yeye, mama yake alikuwa amezidi kunenepa, halimwingii tena. Yeye hulijua likiwa limekunjwa tu, sandukuni, na kila Idi mama yake alimruhusu kugusa. Ndege mmoja Idi ndogo, ndege mmoja Idi kubwa. Jumamosi kutakuwa na watu wengi, na yeye atakuwa amefunikwa, hataona vizuri. Anataka kuliona leo. Tuko wawili tu.

"Livae kidogo, Mwalimu. Nikutazame tu, kisha niende."

Nikamwambia asubiri. Nimeingia chumbani nikafunga pazia. Nimelivaa. Zipu haijafika juu, mkono wangu haufiki mgongoni siku hizi, na baridi inaingia. Nimekaa kitandani na daftari hili mapajani, kama mwanafunzi anayejificha na karatasi ya majibu. Kioo kiko mbele yangu. Ndege wa kulia anang'aa. Kushoto ni peusi.

Mtandio uko msumarini, mkono ukinyooshwa unafika. Pini iko pale pale.

Namsikia huko nje anatembea, anagusa vitu vyangu mezani, kopo la vifungo linalia. Ananiuliza kwa sauti kama hizi zote zilikuwa za magauni. Nimesema ndiyo. Ananiuliza ya nani. Nimesema sijui, mwanangu, sikuuliza.

Kopo limeacha kulia.

Sasa yuko karibu na pazia, naona vidole vyake vya miguu kwa chini.

"Mwalimu, zipu inakusumbua? Nije nikufunge?"

Mtandio nimeuacha msumarini. Nimemwambia aje.